Saa kumi jioni ni ya nani?

"Tunasubiri mchanga upoe, shangazi."

Ilikuwa Februari, saa nane na robo mchana, jua la Dar es Salaam likiwa halina huruma hata kwa mbuzi. Nilikuwa nakatiza pembeni ya uwanja wetu wa mtaa huku Temeke, mwavuli mkono mmoja, dumu la mafuta ya kupikia mkono wa pili. Chini ya mwarobaini ulio nyuma ya goli walikuwa wamebanana mabinti tisa wenye jezi. Mpira ulikuwa katikati yao na hakuna aliyeugusa. Mmoja alijaribu kutoka nje ya kivuli kwa miguu mitupu, akarukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akarudi mbio huku wenzake wakimcheka.

Nikawauliza mchanga utapoa saa ngapi.

"Saa kumi."

"Basi si mcheze saa kumi?"

Yule mrukaji, nadhani ana miaka kumi na minne, alinitazama kwa ile heshima ya kumvumilia mtu mzima asiyeelewa jambo. "Saa kumi siyo yetu, shangazi. Imeandikwa."

Imeandikwa kweli. Nimeiandika mimi.

## Kwa mwandiko wangu

Mimi ni katibu wa kamati ya uwanja, kazi niliyoipata kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na kwa sababu hakuna mwanaume aliyeitaka. Ratiba iko kwenye kaunta buku langu, nakala yake imebandikwa ukutani kwenye duka la jirani na uwanja. Timu ya kwanza ya vijana Jumatatu na Jumatano, saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu. Timu ya pili Ijumaa na Jumamosi, saa hizohizo. Veterani Jumanne na Alhamisi. Jumapili ni ya bonanza na ndondo. Mabinti Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane hadi saa tisa na nusu.

Siku ninaiandika nilikuwa na furaha. Miaka yote mabinti hawakuwa na mstari kabisa. Walikuwa wanacheza pale ambapo hakuna mtu, wakifukuzwa mtu akitokea. Mimi nikawapa mstari, tena wenye siku tano! Mwenyekiti akapiga hesabu mbele ya kikao: mabinti saa saba na nusu kwa wiki, kila timu ya wanaume saa tano. "Mnaona? Wanawake wanaongoza," akasema, tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi ya nguvu zaidi kuliko wote.

Sasa nikabaki nimesimama juani na dumu langu, nikiitazama ile hesabu ikiyeyuka.

Saa nane mchana nani anaweza kuwa uwanjani? Wa sekondari ndiyo kwanza wanatoka shule, bado daladala haijawagombanisha na makondakta. Wa msingi wa mkondo wa mchana wako darasani. Wanaobaki ni wachache waliomaliza darasa la saba na kukaa nyumbani, wa mkondo wa asubuhi, na wale ambao siku hiyo hawakwenda shule kwa sababu ambazo hakuna anayeziuliza. Na hao nao wanasubiri mchanga upoe. Ukipoa, wanaume wanaingia.

Nilifika nyumbani nikakaanga samaki. Niliwaunguza.

## Rede

Kuna kitu kiliendelea kunikera na sikujua ni nini. Ratiba tu? Ratiba hubadilishwa. Wiki ya pili, siku moja jioni, watoto wa kike wa nyumba ya pili walikuwa wanacheza rede uchochoroni, wawili wakirusha mpira wa soksi na wa katikati akiukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ilikuwa imefika shingoni. Ndani ikasikika sauti: "Wewe! Vyombo!" Akaacha chupa palepale, akaingia ndani. Wenzake hawakulalamika. Mwingine akaingia katikati, chupa ikamwagwa, ikaanza upya.

Nikajiuliza ni michezo mingapi ya utotoni kwangu niliwahi kuimaliza.

Rede, mdako, ukuti, kuruka kamba. Yote tuliicheza mlangoni, mahali mama anapoweza kukuita bila kunyanyuka kwenye kigoda. Na yote ina tabia moja: ukiitwa, unaondoka, na mchezo haufi. Mdako unaubeba mfukoni. Nafasi yako kwenye kamba inachukuliwa na mwingine. Sijui kama kuna aliyeipanga hivyo. Labda watoto wenyewe, vizazi na vizazi, walichagua michezo inayostahimili kuitwa.

Kaka zangu walikuwa wanaondoka nyumbani saa tisa na nusu na kurudi giza likiingia, na swali waliloulizwa lilikuwa mmefunga ngapi.

Mpira wa miguu unahitaji dakika tisini ambazo hakuna anayekuita. Mpira wa pete, niliocheza mimi, unahitaji dakika sitini, robo nne za dakika kumi na tano. Ukiondoka katikati kwenda kuosha vyombo, timu inabaki pungufu. Kwa hiyo binti anapoomba uwanja, anaomba pia nyumba nzima ikae dakika tisini bila yeye. Hilo ndilo sikuliandika kwenye kaunta buku, na sidhani hata lina safu yake.

## C

Nilicheza C, yaani senta wa netiboli, nikafika UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. C anakimbia uwanja mzima isipokuwa nusu duara mbili za kufungia. Mpwa wangu aliye chuoni aliwahi kuniambia kwamba netiboli ni mchezo uliobuniwa kumfundisha mwanamke kukaa kwenye eneo lake: saba uwanjani, kila mmoja na mipaka yake, mpira usiushike zaidi ya sekunde tatu, usitembee nao. Nilimkasirikia kwa siku mbili.

Mpaka leo namkatalia. Hajawahi kuona C mzuri akiusoma mchezo. Ila kuna jambo alilisema kwa bahati mbaya, na lile limeniganda: "Shangazi, uliacha lini?"

Niliacha nilipomaliza kidato cha nne. Hakuna aliyenikataza. Hakukuwa na uwanja wenye pete nje ya shule, basi. Baba watoto wangu naye aliacha mpira wa shule mwaka uleule, halafu akahamia chandimu, kisha timu ya mtaa, kisha timu ya kazini, na sasa ni beki namba tatu wa veterani. Maisha yake yote ya utu uzima yana timu. Hata kitambi chake kina jezi.

Najua mtu atasema: wanawake si wako kwenye jogging? Ni kweli, na mimi nimo. Jumapili saa kumi na moja alfajiri tunatoka na fulana zetu za kikundi, tunaimba, tunasimamisha bodaboda. Na jogging ya Dar ni zaidi ya mbio, anayejua anajua: kuna mchango wa msiba, wa mgonjwa, wa harusi. Nimeipenda sana. Lakini baada ya ile siku ya mwarobaini nikaanza kuitazama kwa jicho jingine. Saa kumi na moja alfajiri. Saa nane mchana. Hizi ni saa ambazo hakuna anayezigombea.

## Kibanda umiza

Sitaki kuwasema wanaume wa mtaani kwetu kana kwamba hawapendi wanawake wacheze. Wanapenda mno.

Julai 2025, Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokuwa Morocco kwenye fainali za WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, mara yao ya pili tu baada ya ile ya Afrika Kusini 2010, kibanda umiza chetu kilijaa usiku wa mechi na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Opa Clement alipofunga, mwenyekiti wa kamati yangu alimkumbatia muuza kahawa na birika lake. Mechi iliisha 1–1 na watu walitoka wakizungumza kama walioshinda. Mwaka 2022 ilikuwa vilevile: Serengeti Girls waliwafunga Ufaransa 2–1 kule India, wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 katika mara yao ya kwanza kushiriki. Mtaa mzima ulikuwa unataja majina yao kama ya watoto wa ndugu.

Mechi zote hizo zilitazamwa na watu ambao kesho yake saa kumi wanachukua uwanja.

Hawaoni mgongano wowote, na kwa muda mrefu hata mimi sikuuona. Wale wa kwenye televisheni ni "mabinti zetu". Hawa wa chini ya mwarobaini ni watoto wa fulani, walitakiwa wawe wanachota maji.

## Mama wa mihogo

Kabla ya kupeleka hoja kwenye kikao nilikwenda kuzungumza na wazazi. Nilitegemea wataniunga mkono mara moja. Wa kwanza alikuwa mama yake yule mrukaji, ambaye hukaanga mihogo mbele ya nyumba yake kuanzia saa tisa. Nikamweleza. Alinisikiliza huku anageuza mihogo.

"Dada, saa kumi ndiyo wateja wangu wanatoka kazini," akasema. "Yule ndiye anayenikatia kachumbari, anayepokea hela, anayemshika mdogo wake. Ukimpa saa kumi, mimi unanipa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikauliza, kwa unyonge kidogo, kuhusu kaka yake. Akacheka. Kaka yake yuko timu ya pili.

"Ijumaa na Jumamosi tu," nikasema. "Siku nyingine?"

Hapo akanyamaza, akachota mihogo, akaikung'uta mafuta. Haukuwa ukimya wa kukubali. Nadhani alikuwa anafanya hesabu ambayo hakuwahi kuulizwa.

Mama wa pili aliniuliza swali gumu zaidi: giza likiingia, atakuwa nao nani? Februari jua linazama saa moja kasorobo, hadi wakusanye vitu ni usiku. Kocha wao ni kijana mzuri, ila ni kijana. "Sisemi kitu juu yake," mama akasema, na mimi nikajua anasema nini. Nilikuwa tayari kuliita swali hilo la kizamani. Nikakumbuka kwamba siku zangu za UMISSETA tulikuwa tunajua ni mwalimu gani hupandi naye gari peke yako. Tulijua, tukanyamaza, tukaendelea kucheza. Swali la mama si la kizamani hata kidogo.

Jibu nililopata ni la kuazima. Kule Kilifi, Kenya, kuna shirika la soka la wasichana, Moving the Goalposts, lililoanza 2001, ambako wasichana wenyewe wanafundishwa uamuzi, ukocha na huduma ya kwanza, na ligi yao wanaisimamia wao. Na Mathare, Nairobi, MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza 1987 na timu za wavulana, ikawachukua miaka mitano hadi wasichana kuingia, 1992. Nilipomsimulia mama huyo, hakuvutiwa na Kilifi wala Mathare. Alisema tu: "Basi mmoja wa kike awepo. Mtu mzima." Kisha akanitazama mimi.

## Kikao

Hoja yangu ilikuwa ndogo: Alhamisi saa kumi iwe ya mabinti, kwa majaribio, miezi mitatu. Alhamisi ni ya veterani. Unaweza kukisia nyumbani kwangu palikuwaje wiki hiyo.

"Sasa mke wangu, presha yangu nikaifanyie mazoezi saa nane mchana?"

"Na wao?"

"Wale ni watoto. Damu yao changa."

Kwenye kikao veterani walikuja na presha zao, sukari zao na magoti yao, kila mmoja na alichoambiwa na daktari. Sikuwabeza. Wenzetu wawili walianguka kwa kiharusi miaka ya karibuni, na mazoezi ya jioni yamewasaidia wengi. Mmoja akasema mabinti kwanza wapate vifaa. Kweli, jezi walizopewa na mfadhili zina bukta nyeupe, na yeyote aliyewahi kuwa binti anajua kwa nini kila mwezi wawili watatu hawaji. Timu ya England yenyewe iliachana na bukta nyeupe mwaka 2023 kwa sababu hiyohiyo. Na taulo za kike ziliondolewa VAT hapa kwetu 2018, ikarudishwa 2019. Kwa hiyo nikamwambia ndiyo, vifaa, lakini bukta nyeusi haipozi mchanga.

Mwingine akaleta dini. Wawili kati ya mabinti wanavaa hijabu uwanjani, naye kwa sauti ya huruma akasema hawatafika mbali, FIFA hairuhusu. Imeruhusiwa tangu 2014. Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia 2023 kule Australia akiwa na hijabu. Mzee wa watu alishangaa kwa dhati. Alikuwa ameishi na katazo lililokufa zaidi ya miaka kumi, analitumia kama dawa ya mswaki.

Walikubali. Nisijivike taji: walikubali kwa sababu mwenyekiti alitaka kwenda msikitini, na kwa sababu mzee mmoja alisema, "Tuwape, wenyewe watashindwa."

## Alhamisi ya kwanza

Walikuja sita.

Mchanga ulikuwa umepoa vizuri, upepo ukitoka baharini, uwanja mzima mweupe na mtupu, na mabinti sita wakipasiana kama waliopotea. Veterani kama kumi walikaa kwenye ukuta na bukta zao, wakitazama. "Saa mnayo, watu hamna," mmoja akatania. Baba watoto hakusema kitu, na nilimshukuru.

Usiku ule nilitaka kuirudisha Alhamisi yenyewe. Nilikuwa nimepigania kitu kikaonekana hakihitajiki, na aibu yake ilikuwa yangu. Nikapita nyumba kwa nyumba siku tatu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia hakutaka kuja. Mmoja alikuwa na zamu ya maji. Mmoja alimlea mtoto wa dada yake. Wawili hawakuamini, walidhani wakifika watafukuzwa, kama zamani. Mrukaji alikuwa anakata kachumbari.

Alhamisi ya pili walikuwa kumi na moja. Na mama wa mihogo alitokea pembeni ya goli na jiko lake, karai lake, na mtoto mdogo mgongoni. Alikuwa amefanya hesabu: wateja wanatoka kazini, ndiyo, lakini veterani waliokaa ukutani nao wana njaa. Aliuza mihogo yote kabla ya saa kumi na mbili. Binti yake alicheza kipindi cha kwanza chote, akaja kukata nyanya, akarudi.

Yaani aliitwa. Ila safari hii aliitwa kutoka pembeni ya uwanja, na baada ya nyanya akarudi kwenye namba yake.

Yule mwenye mtoto wa dada yake bado haji. Nimekwenda kwao mara mbili. Mara ya pili dada mtu aliniuliza mimi nina mfanyakazi wa ndani au sina. Ninaye. Tuliishia hapo.

Na mimi nimekuwa "mtu mzima wa kike" wa kila Alhamisi, kama yule mama alivyoagiza kwa macho. Nakaa chini ya mwarobaini na filimbi nisiyojua kuitumia. Alhamisi ya nne jirani yangu alikuja kunipa kampani, ya tano wakawa watatu, wote wamama wa rika langu. Tulianza kusimuliana nani alicheza wapi. Mmoja alikuwa GS, mfungaji, shule moja ya Morogoro, anasema walikuwa wanamwogopa mkoa mzima. Mzee mmoja wa veterani akatutania toka ukutani: "Na nyinyi wamama, mnataka saa ngapi?"

Tulicheka. Halafu GS akauliza kwa nini hatuna jina. Waume zetu ni veterani. Sisi tukiingia uwanjani tunaitwaje?

Jumatatu iliyofuata nilipita kwa fundi wa kuchomelea, nikamuuliza bei ya nguzo mbili na pete. Alinitajia, nikashtuka, tukaanza kuvutana. Akachukua chaki aandike vipimo sakafuni.

"Urefu?"

"Mita 3 na sentimita 5," nikasema, kabla hata hajamaliza kuuliza.